Kamba ya Kunde Kutoka Bondeni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawasawa msome polepole. Nawaona jioni mkiwa na magazeti yenu, mnajaza vile vijumba vya chemshabongo, mnashindana nani atafumbua kwanza, anayeshinda anapigiwa makofi na anayeshindwa anachekwa. Sina ugomvi na michezo yenu. Lakini mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mkiniletea fumbo nainuka kwenda jikoni, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka. Leo nawaandikia sababu, na sitaiandika mara ya pili.

Mimi darasani sikuingia hata siku moja. Kusoma nilijifunza kwa mchezo, na aliyenifundisha ni dada yangu.

Kwetu ni mlimani, upande wa Gare. Enzi zile ni za Mwingereza, miaka ya matuta, serikali ilipotoa amri kila shamba la mteremkoni lichimbwe matuta, na asiyechimba anaitwa barazani kujieleza. Baba na mama walikuwa wakitoka na majembe asubuhi, wakirudi migongo imekufa na midomo imefungwa. Nyumbani tulibaki watoto wa kike wawili. Dada alikuwa amenizidi miaka mitano hivi. Baba alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini alimpeleka shule ya misheni kwa miaka miwili, akasema nyumba ikiwa na mtu mmoja anayejua kusoma barua, karani hatatudanganya. Dada alipovunja ungo, baba akamtoa. Zamu yangu haikufika kabisa.

Kitu alichotoka nacho dada kule shule ni ule ubao wa silabi. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Mstari chini ya mstari, mpaka za, ze, zi, zo, zu. Akauchora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, akanishika sikio, akaniimbisha mpaka nikawa nauona hata nikifumba macho. Basi kutoka kwenye ubao huo akatunga mchezo.

Mchezo ulikuwa hivi. Ulichukua ukamba wa mgomba mkavu, ukafunga mafundo. Mafundo yalikwambia mstari: fundo dogo ni moja, fundo kubwa ni tano. Mstari wa ka, ke, ki, ko, ku ni wa nane, kwa hiyo fundo kubwa moja na madogo matatu. Baada ya mafundo ulitunga punje ya haragwe iliyolowekwa na kutobolewa kwa mwiba, na haragwe ndilo lililokwambia sauti. Jeupe ni a. La njano ni e. Jekundu ni i. Jeusi ni o. La madoadoa ni u. Kwetu maharage ya rangi zote hizo yalikuwa ghalani, ulitia mkono tu. Ukifuata mafundo na punje mpaka mwisho wa kamba, umesoma neno. Shuleni walifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kamba zetu zilisema Kiswahili ingawa sisi wenyewe nyumbani tulisema Kishambaa.

Dada alizificha kila mahali. Ndani ya mzigo wa kuni, chini ya jiwe la kusagia, kwenye shingo ya mbuzi. Na kila kamba aliyonifungia ilianza na neno moja, Kibuyu. Hilo ndilo jina alilonipa la kunitania, kwa sababu nilikuwa mzito wa kufumbua.

"Kichwa chako hicho ukikigonga kinalia kama kibuyu kilichokauka," alikuwa akiniambia. "Lete nikinge maji."

"Ngoja. Nimebakiza punje mbili."

"Mbili za jana au za leo?"

Siku moja nilikuta kamba kwenye kata ya kichwani mwangu, ile ya kubebea maji. Nikakaa nayo tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Ilisema, Kibuyu ndizi zimeiva shimoni. Tulikuwa tumevundika mkungu nyuma ya zizi. Nikakimbia, nikafukua, nikakuta maganda manne na mkungu umehamishwa. Nikageuka, dada huyu hapa, amekaa juu ya ukuta wa zizi anatafuna.

"Ungesoma mapema ungekula mapema," akasema, akanirushia moja.

Sheria zilikuwa mbili. Aliyefunga hamsaidii anayefungua. Na anayefungua hamwulizi mtu mwingine yeyote, hata kwa mzaha. Ukiuliza umeshindwa, na ukishindwa unateka maji ya mwenzako siku tatu. Mimi niliteka maji mengi mwanzoni. Baadaye nilipunguza. Baadaye kabisa nilikuwa nikifumbua kabla kuni hazijashika moto, na dada alianza kuninunia, na kununa kwake kulinifurahisha kuliko sifa.

Mama hakuupenda mchezo wetu. Alikuwa akikuta punje zilizotobolewa, anazishika kiganjani, anatutazama.

"Mbegu mnazitoboa matundu. Mwakani tutapanda matundu?"

"Ni tatu tu, mame," dada alimjibu. Mame, ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Tatu ni mashina matatu. Ondokeni mbele yangu."

Kwa hiyo tulijifunza kumficha mama kamba zetu. Kumbukeni hilo, maana mimi sijaweza kulisahau.

Dada akaolewa. Mume wake alikuwa Mshambaa kama sisi, lakini wazazi wake walikuwa wameshuka zamani kulima bondeni, kule chini upande wa Mazinde, kwenye joto na mkonge. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alikaa na mke wake miezi michache, kisha akaenda Tanga kutafuta kazi ya bandari, akamwacha dada na mama mkwe na shemeji yake mmoja, mdogo wake yule mume. Huyo shemeji ndiye aliyejua kusoma pale nyumbani. Dada aliwahi kututumia barua moja, na barua ile kabla haijatoka shemeji aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, wakaijadili, wakamwambia hapa umesema vibaya, hapa ongeza salamu. Hayo tuliyajua baadaye. Sisi tuliona tu barua imejaa salamu kama karatasi ya mtu mwingine, na baada ya hiyo hatukupata nyingine. Tulisikia ana mimba. Mama alifurahi, akaanza kumwekea siagi kwenye chungu.

Mimi nilimkasirikia dada. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Niliona ameenda kule akawa mke wa mtu, ameniacha na mafundo yangu hakuna wa kumfungia.

Palikuwa na mwanamke wa kule bondeni, jirani wa wakwe zake dada, aliyekuwa akipanda mlimani kila siku ya soko na chumvi na samaki wakavu. Siku moja ya soko nilimwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo hapa. Dada yako amekufanyia shanga." Akatoa kwenye pindo la kanga kamba iliyoviringwa. "Kasema nikupe wewe mkononi. Mimi nikamwambia, mke wa mtu mzima bado unachezea punje!"

"Hajambo?"

"Hajambo. Mzito tu, mimba ya kwanza hiyo."

Nikaichukua, moyo unaruka. Nikaificha kifuani mama asiione, nikaenda nayo kwenye kibanda cha kulindia mahindi, maana msimu ule kazi yangu ilikuwa kufukuza tumbili. Nikaifungua.

Haikusomeka.

Haikuwa na haragwe hata moja. Palikuwa na kunde, na choroko, na mbaazi, na fiwi, na punje za mahindi meupe. Na kamba haikuwa ya mgomba, ilikuwa uzi wa katani, na mafundo yake yalikuwa yamejikaza yote, kubwa na dogo hayatofautiani. Ilikuwa na punje zaidi ya ishirini, ndefu kuliko yoyote aliyowahi kunifungia. Nikaigeuza huku na huku. Halafu nikacheka peke yangu pale kibandani, nikapiga kelele mpaka tumbili wakaruka. Nilisema, huyu dada ameona nimeshamweza, amebadilisha kila kitu. Amekaa kule miezi yote akinitungia fumbo kubwa.

Sasa nawaambia kitu ambacho sikumwambia mama mpaka anaingia kaburini. Siku zile nilikuwa na furaha. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nikiamka, naikumbuka kamba, natabasamu. Nilijaribu kulinganisha rangi: mahindi meupe yawe haragwe jeupe, kunde nyekundu iwe haragwe jekundu. Ikatoka takataka. Nikabadilisha. Nikaanza kutoka mwisho. Nikahesabu choroko ni ngapi, mahindi ni mangapi. Nikachora ubao chini kwa kijiti, nikaufuta, nikauchora. Siku moja tumbili waliingia kwenye mahindi wakala mstari mzima, mimi nimeinamia kamba. Baba alinichapa. Nilichapwa natabasamu.

Nilikuwa na watu wawili ndani ya nyumba ambao ningeweza kuwaonyesha, nami sikuonyesha hata mmoja. Ningeuliza ningekuwa nimeshindwa, na dada angenicheka miaka yote.

Siku ya saba ikawa soko tena. Mwanamke wa samaki alikuwa amekaa mahali pake. Aliponiona aliniita kabla sijamwamkia.

"Dada yako anauliza, mbona hujampa jibu?"

Niliinua kichwa. Nakumbuka nilishika kiuno kabisa.

"Mwambie bado. Mwambie asinisaidie. Nitaifungua mwenyewe, na nikiifungua atanitambua."

Yule mwanamke akacheka. "Haya, nitamwambia. Nyie watoto wa mlimani mna mambo."

"Anaendeleaje?"

"Amevimba kidogo miguu. Kazi hafanyi sana siku hizi, mkwe wake analalamika. Ndiyo mimba ilivyo. Utaijua yako."

Nikarudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake asubuhi mama hakwenda kwenye matuta. Alikuwa akichagua mbegu kwenye ungo, amekaa mlangoni pa jikoni. Mimi nilidhani yuko nyuma ya nyumba. Nikatoka na kamba mkononi, nikajikwaa kwenye miguu yake.

"Nini hiyo?"

"Mchezo, mame."

"Lete." Akainyoosha juu ya ungo. Nikangoja makaripio ya matundu. Badala yake akashika punje moja kwa kucha. "Kunde hizi zimetoka wapi? Si zetu."

"Dada alinitumia. Ni fumbo. Ameacha maharage makusudi, ameweka vitu vingine ili nisijue."

Mama akacheka puani. "Makusudi gani! Kule bondeni maharage yetu atayatoa wapi? Lile jua linayakausha kabla hayajatoa ua. Wao ni kunde na choroko. Na mgomba kule auone wapi, wana katani tu. Ametumia kilichokuwa jikoni."

Akanirudishia kamba, akaendelea kuchagua mbegu.

Mimi nikabaki nimesimama. Mimi bondeni sikuwahi kufika. Haikunipitia akilini kwamba kuna mahali watu wanaishi bila maharage ya rangi tano. Na kama hakubadilisha kwa makusudi, basi hakunificha kitu. Na kama hakunificha kitu, kamba inaanza kama kamba zake zote zilivyoanza.

Nikatazama punje tatu za mwanzo. Choroko. Kunde. Kunde. Ki-bu-yu. Choroko ni i, kunde ni u. Mafundo nayo, nikijua neno, nikaona kubwa liko wapi na dogo liko wapi, kwa kuyapapasa badala ya kuyatazama. Baada ya hapo hazikunichukua muda hata wa chungu kuchemka. Nilisoma nikiwa nimesimama palepale, kwa sauti, kama nilivyozoea kumsomea dada nilipotaka kumringia.

"Kibuyu. Naumwa. Nimevimba. Macho hayaoni. Mama aje upesi."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Umeisoma sawasawa?"

"Ndiyo."

"Kamba hii imekuja lini?"

"Siku ya soko."

"Jana?"

Nikaviringa kamba kidoleni.

"Nakuuliza, jana?"

"Soko la wiki iliyopita."

Mama hakunipiga. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini taratibu, mbegu zisimwagike, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya pili na ameshika kile chungu cha siagi. Akaniambia, "Kimbia kwa baba yako kwenye matuta, mwambie nimeshuka kwa mtoto. Mnyapara akisema neno, na aseme. Halafu unikute njiani."

Nilimkuta kwenye ukingo, pale njia ya miguu inapoanza kuteremka na unaliona bonde lote chini limelala jeupe kwa joto. Njia ile ni mbaya, mawe yanateleza, unashika mizizi. Mama alikuwa akishuka kama msichana. Mimi nilikuwa nyuma, naangalia visigino vyake, na kila hatua nilikuwa najiambia atakuwa amelala kitandani, atasema, Kibuyu umechelewa, na nitateka maji mwaka mzima.

Jua lilipokuwa limepita utosini na tumeshateremka zaidi ya nusu, tukaona wanaume wawili wanapanda. Wa mbele alikuwa yule shemeji. Alipotuona alisimama. Kisha akavua kofia, akakaa chini juu ya jiwe, pembeni ya njia.

Mama naye akasimama. Alijua. Mtu mwenye habari njema hakai chini.

"Sema," mama akamwambia.

"Shikamoo, mama."

"Sema."

"Ni alfajiri ya leo. Alishikwa na degedege, akatetemeka, hakurudi. Mtoto naye alikuwa bado tumboni." Akaigeuza kofia mkononi. "Tumewazika saa nne. Joto la kule, mama, unalijua. Tusingeweza kungoja."

Mama aliketi palepale njiani, chungu mapajani. Alisema Inna lillahi, akaimaliza yote, sauti haikutetemeka. Halafu akasema, "Twendeni," akainuka.

Kule nyumbani wanawake walikuwa wamejaa ndani. Mama mkwe alitoka kumpokea mama, analia, anataka kumkumbatia. Mama akampa mkono tu. Wakakaa kwenye mkeka. Mimi nilikaa nyuma ya mama, nimeshika kanga yake.

"Mkwe mwenzangu," mama akasema, "mwanangu alisema anaumwa?"

"Alisema kichwa. Alisema macho. Nilidhani ni uvivu wa mimba ya kwanza, mkwe. Wa kwangu wote niliwazaa nikiwa nalima."

"Aliomba kuja kwetu?"

Yule mama akafuta uso. "Aliomba."

"Mara ngapi?"

"Aliomba."

"Mkamwambia nini?"

"Tukamwambia angoje mume wake arudi kutoka Tanga. Mke hatoki bila ruhusa ya mumewe. Na mimi ningemruhusu vipi, si mke wangu. Tuliandika barua kwake. Tulikuwa tunangoja jibu."

Nje palikuwa na kuku anatafuta punje kwenye vumbi, jua linaunguza, nami niliona vizuri mlangoni kikapu cha kunde, ungo wa choroko na mahindi yaliyotundikwa. Vyote vile vilikuwa pale mlangoni mwao, kwa yeyote anayeingia kuviona.

Siku ya tatu mwanamke wa samaki alikuja matangani. Alinishika mabega, akanivuta pembeni.

"Nilimpa salamu zako," akasema. "Jioni ileile niliporudi soko. Alikuwa amelala, uso umejaa mpaka macho hayafunguki. Nikamwambia, mdogo wako anasema usimsaidie, ataifungua mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Kidogo hivi. Akasema, 'Kibuyu yule.' Halafu akaniomba maji."

Sikumwuliza zaidi. Na yeye, maskini, alidhani amenipa kitu kizuri cha kuondoka nacho.

Tulirudi mlimani tukiwa na baba, ambaye alishuka siku ya pili. Mnyapara alimwita barazani kwa kuacha matuta, na baba alikwenda akasimama, akasikiliza yote, akarudi bila kufungua mdomo. Kamba mama alikaa nayo. Aliiweka juu ya kichanja cha jikoni, kwenye moshi, lakini wadudu waliingia hata hivyo, wakazila punje zote, ukabaki uzi na mafundo. Siku moja nikaona ameutumia kufungia mlango wa banda la kuku. Ulikuwa uzi mzuri, katani haiozi upesi.

Mama hakunilaumu hata mara moja. Mnadhani hiyo ni rehema. Mimi nilitamani anipige. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tukiwa tunapukuchua mahindi, alisema bila kunitazama, "Ulikuwa mtoto. Na mimi ndiye niliyewafundisha kunificha." Kisha akaniambia niongeze kuni. Nilitaka kumwambia kuhusu furaha, zile siku saba. Nilifungua mdomo. Nikaongeza kuni.

Wakunga wa siku hizi nimewauliza. Wameniambia ugonjwa ule una jina, na kwamba mama mjamzito akivimba uso na macho yakapunguza kuona, hakuna kungoja hata siku moja. Wameniambia hospitali ya Lushoto wakati ule huenda wangeweza, huenda wasingeweza. Huenda mama angempandisha kwa machela akafia njiani kwenye mawe. Sijui. Hakuna atakayejua. Ninachojua ni kwamba angekufa mama yake ameshika mkono wake, na siyo mikononi mwa watu wanaongoja barua kutoka Tanga.

Nami niliolewa. Nilipata wakwe wema na wabaya wa kuishi nao, kama kila mtu. Nikazaa, nikalea, watoto wangu wa kiume wakaoa, nikawa mimi sasa ndiye mama mkwe wa watu. Mkwe wangu wa kwanza alikuwa binti wa Rangwi, mpole, haongei. Alipokuwa na mimba ya miezi saba alikuja jikoni asubuhi moja, akapiga goti, akaamkia, akakaa ananyoosha pindo la kanga yake. Mwanangu wakati huo alikuwa safari, kazini Korogwe.

"Mama," akasema mwisho, "nataka kwenda kwetu kidogo."

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nataka tu."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa pale anachambua mboga. Akadakia kabla sijajibu. "Mume wako hayupo, unakwendaje? Watu watasema umekimbia. Ngoja arudi akupe ruhusa. Una nini cha kusema kwa mama yako ambacho sisi huwezi kutuambia?"

Msichana akainamisha kichwa. "Hakuna, shangazi. Basi nitangoja."

Nikatazama miguu yake. Haikuwa imevimba. Uso wake ulikuwa mzuri, macho yanaona. Pengine alikuwa na hamu ya mama yake tu, na mabishano ya bure, na viazi vya kwao. Wifi yangu aliendelea kuchambua mboga, mambo yamekwisha. Nikamwita mume wangu kutoka nje, nikawaita wanangu waliokuwepo na wake zao, nikamwambia wifi aache mboga anisikilize. Walikuja wakasimama mlangoni, wanadhani kuna msiba. Nikawaambia hivi, na mpaka leo ndivyo ilivyo katika nyumba hii:

"Mke wa mwanangu yeyote akisema anataka kwenda kwa mama yake, asiulizwe sababu, na asingojeshwe mume. Apewe mtu wa kumsindikiza, na aondoke asubuhi ileile."